Mtoto, Nyatiti na Piano: Nasaha kwa Wazazi wa Kisumu

Katika tarehe ya muziki wa watu wa ziwa letu wamo watu wawili ambao malezi yao yastahili kutafakariwa na kila mzazi aliyejaliwa mtoto mwenye kipaji cha kupiga ala, kuimba, kucheza au kuigiza. Wa kwanza ni Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati, upande wa Tanzania, mwaka 1940, katika nyumba ya wazazi waliokuwa waimbaji wenyewe, lakini ambao kwa ajili ya dini walichukizwa kumwona mwana wao ameshika gitaa la nyimbo za kidunia. Wa pili ni Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956 na wazazi Waluo waliokuwa wanamuziki pia, nao walipokwenda Chicago, baba akasomee utabibu, walifuatana na mwana wao aliyekuwa na umri wa miaka sita, akawa akiwashuhudia wakiwatumbuiza Wamarekani kwa muziki wa kwao. Misiani aliitafuta sanaa yake kwa kushindana na nyumba. Ogada aliikuta nyumbani kama mtu akutavyo maji mtungini. Wote wawili walifika mbali: yule akaongoza bendi ya Shirati Jazz na kuueneza muziki wa benga katika nchi za jirani, huyu akatoa santuri yake ya nyatiti nchini Uingereza mwaka 1993, na wimbo wake Kothbiro ukasikika duniani kote katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005.

Msomaji mwepesi wa hoja atasema kwamba ikiwa aliyepingwa na aliyeungwa mkono wote walifaulu, basi mzazi hana neno katika jambo hili, na kipaji kitajitokeza chenyewe kama kipo. Hoja hii siikubali hata kidogo. Jina la Misiani tunalijua kwa sababu alishinda; wale waliokatazwa wakakatazika, wakaweka gitaa chini wakiwa na miaka kumi na minne na wasilishike tena, hao hakuna aliyewaandika, na kwa kadiri ya niyaonayo katika mitaa ya Kisumu, kuanzia Manyatta hadi Nyalenda, hao ndio wengi. Tena sidhani kwamba wazazi wa leo ni wakali kuliko wale wa zamani. Ukatili wa leo ni wa namna nyingine: mzazi hulipa ada, hununua ala, humpeleka mtoto kwa mwalimu, kisha hahudhurii wala hasikilizi, akidhani kwamba kwa kulipa amekwisha timiza wajibu wake.

Nisemapo sanaa za kitaaluma nakusudia zile fani zenye kanuni za kale, zinazopokewa kwa mkono na sikio kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi, na ambazo hazipatikani kwa miezi mitatu. Piano na fidla zimo, ballet imo, uimbaji wa kwaya wa sauti nne umo. Lakini kadhalika nyatiti imo, na orutu, fidla yetu ya asili, kama vile huko Unguja qanuni na udi zilivyomo, ambazo tangu mwaka 2002 zafundishwa katika Dhow Countries Music Academy kwa taratibu ya chuo na mitihani. Wazazi wengi wa mjini kwetu hudhani kwamba piano ni elimu na nyatiti ni burudani ya wazee wa mashambani. Na wamtazame basi fundi wa nyatiti akiwa kazini. Ameketi juu ya kigoda kifupi, ala imelala ubavuni pake karibu na ardhi. Vidole vya mikono miwili vyachuna nyuzi nane. Pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu yagonga mti wa ala kwa mapigo yake yenyewe. Njuga za gara zalia mguuni. Na juu ya hayo yote anaimba, tena kwa maneno ambayo aghalabu anayatunga papo hapo kumsifu aliyehudhuria. Mtoto awezaye kuyatenganisha mapigo hayo katika akili yake na kuyaunganisha katika viungo vyake hatapata taabu kubwa atakapotakiwa na piano kufanya jambo moja kwa mkono wa kushoto na jingine kwa mkono wa kulia. Kwa hiyo yule anayeniuliza achague ipi kati ya hizo mbili, humjibu aanze na ile ambayo mwalimu wake mwema yu karibu.

Kuhusu dalili za kipaji nitasema machache, maana watu hulitia chumvi nyingi jambo hili. Mtoto achezaye mbele ya wageni na kupigiwa makofi huenda ni mchangamfu tu. Dalili yenye uzito ni mtoto airudiaye kazi akiwa peke yake, bila ya kutazamwa, akakosea, akarejea pale pale alipokosea. Ukimsikia ameimba sauti ya pili chini ya wimbo wa kanisani bila kufundishwa, au akiwa madrasa akashika mwendo wa tajwidi kwa usahihi kabla ya wenzake, au akikueleza kwamba ngoma ya ohangla iliyopigwa jana kwa jirani ilikwenda mbio kuliko ya leo, basi hilo lichukue kwa makini.

Sasa nafika kwenye jambo nilionalo kuwa kubwa kupita yote. Mzazi asiyejua noti hata moja, asiyewahi kugusa uzi wa nyatiti, anayo kazi ambayo mwalimu hawezi kuifanya hata akilipwa mara mbili, nayo ni kuwa msikilizaji wa nyumbani. Mwalimu humwona mtoto saa moja kwa juma. Siku sita nyingine mtoto yu mikononi mwa nyumba, na ni katika siku hizo sita ambapo vidole hujifunza au husahau. Mtoto wa miaka saba hahitaji zaidi ya dakika kumi na tano au ishirini kwa siku, lakini azipate kila siku, saa ile ile, mahali pale pale, na mtu mzima mmoja awepo. Mtu mzima huyo anaweza kuwa anachambua mboga au anapanga hesabu za duka lake, hakuna ubaya. Lakini simu na iwekwe mbali na televisheni izimwe, na mara mojamoja aseme: nipigie tena ile sehemu ya katikati, ile uliyokuwa ukiisumbukia juzi. Maneno hayo humwambia mtoto kwamba juzi alisikiwa. Sifa za jumla za kwamba yeye ni hodari na mwenye akili hazimwambii kitu, na baada ya muda humtia hofu ya kukosea mbele ya wale wanaomdhania hodari.

Wala usimlinganishe na ndugu yake, wala na mtoto wa jirani aliyefika daraja la tatu la mitihani ya muziki. Najua kwamba nasaha hii hutolewa na kila mtu na haifuatwi na yeyote, nami naitoa kwa sababu hiyo hiyo.

Katika nyumba zetu nyingi zilizoezekwa mabati, saa ya mazoezi sharti ichaguliwe kwa hekima, maana mvua ya masika ya Machi hadi Mei hunyesha aghalabu alasiri au usiku, na ipigapo juu ya bati hakuna sikio liwezalo kuisikia fidla, sembuse kuirekebisha. Asubuhi na mapema ni njema kwa mtoto aamkaye bila kulia. Katika miezi isiyo ya masika, wakati wa baada ya kurudi shule, kabla ya chakula cha jioni, ndio ufaao zaidi kwa wengi, ila katika nyumba za kupanga zilizopakana ukuta kwa ukuta yakupasa kwanza uwaendee majirani, uwaeleze, uwaombe radhi mapema. Jirani aliyeombwa huvumilia mambo ya ajabu. Asiyeombwa hugonga ukuta siku ya pili.

Mwalimu ndiye nusu ya bahati ya mtoto. Kisumu si Nairobi, ambako Kenya Conservatoire of Music yafundisha tangu mwaka 1944. Lakini hatukukosa kila kitu. Maseno, mwendo mfupi tu kwa gari, pana chuo kikuu kinachosomesha muziki, na wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho aghalabu hufurahi kupata mtoto wa kumfundisha. Wapiga vinanda wa makanisa makubwa wanajulikana na waumini wao. Ukitaka fundi wa nyatiti au orutu, mpe habari mzee yeyote wa Siaya, Nyakach au Seme mwenye kuhudhuria sherehe, naye atakuelekeza. Mafundi hao hawajitangazi kwa vibao. Umpatapo mwalimu, usimwulize vyeti vyake kwanza. Omba umsikilize mwanafunzi wake aliyekaa naye miaka miwili: hicho ndicho cheti. Kaa katika masomo ya mwanzo yote. Na hili nalisema bila kuuma maneno: somo la mtoto lifanyike mlango ukiwa wazi au mzazi akiwa ndani, awe mwalimu ni mtu wa kanisa, ni jamaa, au ni msanii mwenye jina. Mwalimu mwadilifu hatakasirika kwa sharti hilo, na akasirikaye amekwisha kujibu swali lako. Kisha mlipe siku mliyopatana. Mtu anayengoja ujira wake wiki tatu hawezi kumpenda mwanafunzi aliyemkopa.

Habari ya ala ni fupi. Fidla hutengenezwa kwa vimo mbalimbali, robo, nusu, robo tatu na kamili, na mtoto apewe ya kimo cha mkono wake, asinunuliwe kubwa kwa hesabu ya kwamba ataikulia kama sare ya shule. Asiyeweza kununua piano na apate kinanda cha umeme chenye vibonyezo 88 vilivyo vizito kidogo; kile chepesi cha vibonyezo 61 chafaa kwa mwaka wa kwanza tu. Nyatiti ni nafuu kupita zote hizo: siku hizi nyuzi zake ni nailoni ya wavuvi, inayouzwa madukani kando ya ziwa, na fundi mwenye huruma atakuchongea ndogo kwa ajili ya mtoto. Ila ngozi yake hunywa unyevu wa mvua ikalegea, na sauti ikafa. Iweke ndani, ukutani pasipovuja, mbali na jua la dirishani ambalo huikausha hata mti ukapasuka.

Sasa nirudi kwenye nyumba ya Misiani, maana sababu iliyowafanya wazazi wake wakatae haijafa. Nyatiti na orutu makao yake ya asili ni matanga, harusi na mikusanyiko ya pombe, mahali ambapo watu hujitapa kwa pakruok, fedha zikatupwa, usiku ukakeshwa. Na mzazi mcha Mungu, awe Mkristo au Mwislamu, ana haki ya kuogopa kumpeleka huko mtoto wa miaka kumi na mbili. Hofu hiyo siidharau. Matanga ya usiku ya siku hizi, yenye muziki wa kupaza na vijana wasiokuwa na mlezi, si mahali pa mtoto, nukta. Lakini fani na mahali inapochezwa ni vitu viwili. Mtoto aweza kujifunza nyatiti mchana, uani kwa mzee, akaipiga katika hafla ya shule, katika arusi ya shangazi yake kabla ya magharibi, hata kanisani, kwani mapadri na wachungaji kadhaa wamekwisha kuikaribisha madhabahuni pamoja na ngoma. Akialikwa mahali pa usiku, baba au mjomba na aende naye, aketi karibu, aondoke naye saa waliyoagana. Suzanna Owiyo, mzaliwa wa Nyakach, ambaye Kisumu ilipotimiza miaka mia mwaka 2001 aliuimbia mji huu wimbo uliomtangaza, alikuwa na babu mpiga nyatiti. Akaisikia ala hiyo katika ukoo wake, na hakuna asemaye kwamba ilimpotosha.

Tumemtaja mwanamke, basi na tulimalize na jambo lake. Mila ilimnyima mwanamke nyatiti, na wako wazee ambao hadi leo hukunja uso wamwonapo msichana ameketi kwenye kigoda. Hata hivyo mzee Okumu K'Orengo wa Siaya alimkubali mwanafunzi wa kike kutoka Japani, Eriko Mukoyama, akamfundisha mpaka akaitwa Anyango na kuipiga nyatiti mbele ya umma katika nchi nyingi. Ikiwa binti wa Tokyo aliweza kupewa, sioni hoja ya kumnyima binti wa Kondele. Upande wa pili, wako akina baba ambao mtoto wao wa kiume akitaka ballet huona haya kuliko kama angeshikwa na polisi. Hao nawataka wamtazame Joel Kioko, aliyekulia katika mtaa wa mabanda wa Kuwinda, Nairobi, akafunzwa na Dance Centre Kenya, akafika English National Ballet School ya London. Wakiisha kumtazama akiruka, waniambie ni mchezo gani wa wanaume unaotaka nguvu zaidi ya ule. Kwa wasichana wa ballet, mwalimu anayewavisha viatu vigumu vya kusimamia ncha za vidole kabla ya miaka kumi na moja au kumi na miwili, na bila miaka kadhaa ya matayarisho, anacheza na mifupa ambayo haijakomaa. Mwondoe mtoto hapo. Kadhalika mvulana ambaye sauti yake inavunjika asilazimishwe kuimba noti za juu alizoziweza mwaka jana kwa sababu tu kwaya ya shule inamhitaji.

Kwaya ya shule yatuleta kwenye Kenya Music Festival, mashindano yaliyoanza mwaka 1927, ambayo huwapandisha watoto ngazi kwa ngazi, kutoka kanda hadi kaunti, kutoka kaunti hadi mkoa, kisha taifa. Mimi ni mpenzi wa mashindano hayo na nina lawama nayo. Uzuri wake ni kwamba mtoto wa shule ya kijijini Nyando, ambaye hajaona piano, hupanda jukwaani akasikilizwa na mwamuzi msomi sawasawa na mtoto wa shule ya ada kubwa, na nyimbo za asili na ala za asili zina nafasi yake pale. Ubaya wake ni kwamba shule nyingine humkaririsha mtoto wimbo mmoja tangu Januari mpaka Agosti, akaupiga kwa ukamilifu wa kutisha, na ukimwomba akupigie kitu kingine chochote hakijui. Mzazi asilinganishe maendeleo ya mwanawe na kikombe. Baada ya mashindano, ajitahidi kuipata karatasi ya maoni ya waamuzi, aisome na mwalimu wa mtoto, neno kwa neno. Karatasi hiyo, ambayo shule nyingi huitupa pamoja na mabaki ya chakula cha safari, ina thamani kuliko kikombe kinachokaa katika kabati la mwalimu mkuu. Na mtoto aliyeshindwa asihubiriwe njiani kurudi nyumbani. Anunuliwe samaki, alale; mazungumzo yatakuwako kesho.

Waigizaji nao nisiwasahau. Lupita Nyong'o, ambaye asili ya ukoo wake ni huku kwetu, alicheza nafasi ya Juliet na kundi la Phoenix Players jijini Nairobi akiwa na miaka kumi na minne. Mtoto wa umri huo hafanyi mazoezi pamoja na watu wazima pasipo mtu wa nyumbani wa kumpeleka na kumrudisha, na gharama hiyo ya saa na mafuta ndiyo msaada ambao mgeni haoni katika picha za tuzo.

Wazazi huniuliza juu ya karo na riziki, na wana haki. Mitihani ya madaraja manane ya ABRSM ya Uingereza, inayotambuliwa katika nchi nyingi, tangu mwaka 2020 yaweza kufanywa pia kwa kupeleka video ya mtoto akipiga vipande vinne, kwa hiyo hakuna tena sababu ya kukesha ndani ya basi la Nairobi kwa ajili ya mtihani wa robo saa. Lakini ajuaye mapema kwamba daraja la sita halifunguki bila kufuzu daraja la tano la nadharia, au mojawapo ya mitihani inayokubaliwa badala yake, huokoa mwaka mzima wa manung'uniko. Shuleni nako mambo yamebadilika: wanafunzi wa kwanza wa darasa la kumi wameingia mwaka 2026, na moja ya njia tatu wanazochagua ni ya sanaa na michezo, ambayo muziki, dansi na maigizo yamo ndani yake. Kabla ya kuichagua, mwulizeni mkuu wa shule mnayoikusudia kama ina mwalimu wa muziki aliyeajiriwa na ala zinazolia, kwani maandishi ya wizara hayachezi nyatiti. Kuhusu riziki, msimdanganye mtoto. Wachache sana hula kwa jukwaa peke yake. Walio wengi hufundisha, huongoza kwaya, hurekodi studio, hupiga katika arusi, na wengine hushika kazi nyingine mchana. Mtoto wa miaka kumi na tano ana akili ya kutosha kuambiwa hayo kwa upole, na akiisha kuyasikia bado akataka, basi anataka kweli.

Na akitaka kuacha? Hutokea, hasa masomo yanapokuwa magumu au anapopata marafiki wapya. Sharti lenu liwe moja: amalize muhula alioulipiwa na apige mara ya mwisho mbele ya mwalimu wake, amshukuru kwa mdomo wake mwenyewe. Baada ya hapo mwacheni bila lawama. Lakini ala msiiuze mwaka huo. Zilegezeni nyuzi, itundikeni ndani, au muiazime kwa mtoto mwingine wa mtaani ambaye mwalimu amemchagua, kwa maandishi mafupi yenye sahihi za wazazi wa pande mbili, ili siku mwanenu atakapoiulizia ijulikane iko kwa nani.